Sauti inapofifia miaka mingi baada ya polio

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyeugua polio utotoni hutambulika mitaani kwa mguu uliosinyaa, gongo au kiti cha magurudumu. Ni wachache wanaofahamu kwamba athari za ugonjwa huo zinaweza kujitokeza upya miaka 30 au 40 baadaye, na kwamba miongoni mwa sehemu za mwili zinazoweza kuguswa ni koo.

Dalili huanza polepole. Sauti huchoka kabla ya saa sita mchana, hukauka, huwa ya puani au hukatika katikati ya sentensi. Mgonjwa hukohoa kila anywapo maji, na mara nyingine hupaliwa na mate yake mwenyewe.

Kwa kuwa mabadiliko hayo hayaji kwa siku moja, wengi huyahusisha na uzee, vumbi au mafua yasiyokwisha. Wengine hushauriwa kuifanyisha sauti mazoezi makali ili irejeshe nguvu, ushauri ambao kwa mgonjwa wa aina hii unaweza kuongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Hali hiyo hujulikana kitaalamu kama sindromu ya baada ya polio. Kwa mujibu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), huwapata watu kati ya 25 na 40 katika kila 100 walionusurika ugonjwa huo. Si wote wanaoguswa kooni; wengi huanza kwa udhaifu wa miguu au mikono.

Anayeguswa kooni huhitaji jibu la swali moja kabla ya tiba yoyote: je, sauti imeharibika kwa sababu ya mishipa ya fahamu, au kwa sababu nyingine ambayo pengine ni ya hatari zaidi? Kipimo cha umeme wa misuli, kinachofahamika kwa kifupi kama EMG, ni mojawapo ya njia zinazosaidia kulijibu.

Virusi vinavyoua seli za fahamu

Polio husababishwa na virusi ambavyo vilitambuliwa mwaka 1908 mjini Vienna, Austria, na Karl Landsteiner na Erwin Popper. Virusi hivyo huingia kwa njia ya mdomo, kupitia maji, chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha aliyeambukizwa, kisha huzaliana katika utumbo.

Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba katika kila maambukizi 200, moja husababisha kupooza kusikopona. Miongoni mwa waliopooza, watu kati ya 5 na 10 katika kila 100 hufariki dunia baada ya misuli ya kupumulia kushindwa kufanya kazi.

Kinacholeta kupooza ni kufa kwa seli za fahamu zinazoiamrisha misuli. Seli hizo zikishambuliwa ndani ya uti wa mgongo, mguu au mkono hulegea. Lakini virusi vikifika katika shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, hushambulia seli zinazoendesha kumeza, kuongea na kupumua. Mgonjwa huanza kuzungumza kwa king'ong'o, hushindwa kumeza mate, na mate hayo huweza kuingia katika mapafu.

Dunia ilishuhudia ukali wa aina hiyo ya polio mwaka 1952, ugonjwa ulipolipuka mjini Copenhagen, Denmark. Katika wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 27 kati ya 31 waliowekwa kwenye mashine za kupumulia katika hospitali ya Blegdam walifariki dunia.

Agosti mwaka huo, daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe koo na kupuliziwa hewa moja kwa moja kwenye bomba la hewa. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu za kubana mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana, na vifo vikapungua kwa kiasi kikubwa.

Wengi waliovuka hatua hiyo walipata tena uwezo wa kumeza na kuongea, na walirudi majumbani wakiamini kwamba koo limepona. Ilichukua miongo kadhaa kubainika kwamba kupona huko kulikuwa na gharama yake.

Jinsi sauti inavyotoka

Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti, moja kila upande. Mtu anapovuta pumzi, nyuzi hizo huachana ili hewa ipite. Anapotaka kusema, husogeleana, na hewa itokayo mapafuni huzitikisa. Mtikisiko huo ndio sauti. Anapomeza, hufunga njia ili chakula kisiingie katika bomba la hewa.

Kwa maneno mengine, misuli ile ile inayomwezesha mtu kuzungumza ndiyo inayoyalinda mapafu yake. Ndiyo maana daktari anayemsikiliza mgonjwa mwenye sauti dhaifu humuuliza pia kuhusu kula na kunywa.

Misuli ya kikoromeo hupokea amri kutoka katika shina la ubongo kupitia mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Mshipa huo hutoa matawi mawili muhimu kwa sauti. Tawi la juu huhudumia msuli unaozivuta nyuzi za sauti na kuipandisha sauti, kama afanyavyo mwimbaji. Tawi la pili huhudumia misuli mingine yote inayozifungua na kuzifunga nyuzi hizo.

Tawi hilo la pili lina njia ndefu ya kushangaza. Upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena hadi shingoni. Hivyo, ugonjwa ulioko kifuani, mbali kabisa na koo, unaweza kumfanya mtu akaukiwe na sauti.

Seli zilizobaki zinapochoka

Virusi vya polio vinapoua sehemu ya seli za fahamu, misuli iliyokuwa ikizitegemea hubaki yatima. Seli zilizonusurika huchipua matawi mapya na kuzichukua nyuzinyuzi za misuli zilizoachwa. Seli moja iliyokuwa na mzigo wake wa kawaida huweza kubeba mzigo wa seli kadhaa.

Utaratibu huo ndio uliowarudishia wengi uwezo wa kutembea, kumeza na kuzungumza. Lakini maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba seli hizo, baada ya kubeba mzigo mkubwa kwa miongo mingi, hushindwa kuyahudumia matawi yote ziliyoyachipua. Matawi huanza kunyauka moja baada ya jingine, na udhaifu mpya hujitokeza. Virusi havijarejea, kilichopungua ni akiba.

Udhaifu mpya kwa watu waliougua polio zamani ulielezwa na madaktari nchini Ufaransa tangu mwaka 1875. Hata hivyo, suala hilo lilipata uzito katika miaka ya 1980, wakati maelfu ya watu walioathirika katika milipuko ya katikati ya karne ya 20 barani Ulaya na Marekani walipoanza kurudi hospitalini na malalamiko yanayofanana.

Mwaka 1991, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumeza kwa wagonjwa 32 wenye sindromu hiyo. Wagonjwa 14 tu ndio waliokuwa na malalamiko ya kumeza, lakini vipimo vilionyesha kasoro kwa wagonjwa 31. Maana yake ni kwamba koo linaweza kuwa limedhoofika kabla mwenyewe hajatambua.

Tafiti zilizofuata katika miaka hiyo ya 1990 ziligeukia kikoromeo. Ingawa zilihusisha wagonjwa wachache, zilionyesha kwamba nyuzi za sauti nazo huweza kudhoofika, na kwamba umeme wa misuli yake huwa na alama zinazofanana na zile zinazoonekana katika mguu ulioathiriwa na polio.

Kipimo kinavyofanyika

Hatua ya kwanza si EMG. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo huanza kwa kuangalia kikoromeo kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani. Kamera humwonyesha kama nyuzi za sauti zinasogea sawasawa, kama zinakutana vizuri, na kama kuna uvimbe au kidonda.

Kamera inaweza kuonyesha kwamba uzi mmoja hausogei, lakini haiwezi kueleza sababu. Huenda mshipa wa fahamu umekufa. Huenda pia mshipa ni mzima, ila kiungo kidogo kinachouzungusha uzi huo kimeganda baada ya jeraha au uvimbe. Kwa mtazamo wa nje hali hizo mbili hufanana, ilhali tiba zake ni tofauti. Hapo ndipo EMG inapohitajika.

Mgonjwa hulazwa chali, shingo ikiwa imenyooshwa. Sindano nyembamba yenye uwezo wa kunasa umeme hupitishwa katika ngozi ya mbele ya shingo hadi kwenye msuli wa kikoromeo. Sindano hiyo haimwingizii mgonjwa dawa wala umeme; husikiliza tu umeme ambao misuli yenyewe huutoa. Mgonjwa huambiwa atulie, kisha atamke herufi "i" kwa kuivuta, ameze mate, au aipandishe sauti taratibu.

Mashine huonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo na kuyageuza kuwa sauti ili daktari ayasikie. Msuli wenye afya ukiwa umepumzika huwa karibu kimya. Msuli uliopoteza mshipa wake hutoa vishindo vidogo vidogo hata ukiwa umetulia, ambavyo madaktari huvifananisha na matone ya mvua yakianguka juu ya paa la bati.

Alama ya pili huonekana mgonjwa anapoongea. Kwa aliyeugua polio zamani, mawimbi huwa machache lakini makubwa na marefu kuliko kawaida. Uchache wake hueleza kwamba seli nyingi zilikufa. Ukubwa wake hueleza kwamba zilizobaki zimebeba nyuzinyuzi nyingi mno. Pale ambapo tatizo ni kiungo kilichoganda, mawimbi huwa ya kawaida ingawa uzi wa sauti hausogei.

Sambamba na EMG, madaktari hupima kasi ya umeme katika mishipa ya mikono na miguu. Katika mkono wa mtu mzima mwenye afya, ujumbe husafiri kwa takriban mita 50 au zaidi kwa sekunde. Polio hushambulia seli zinazoamrisha misuli na kuziacha zile zinazopokea hisia, kwa hiyo mishipa ya hisia ya mgonjwa hutarajiwa kuwa salama. Mishipa hiyo ikionekana nayo imeharibika, daktari hulazimika kutafuta sababu nyingine, ikiwemo kisukari au Virusi vya Ukimwi (VVU), ambavyo navyo huweza kudhuru mishipa ya fahamu.

Kipimo cha shingoni huleta maumivu kiasi, na madhara makubwa ni nadra. Hata hivyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kumweleza daktari mapema. Kipimo hiki huhitaji mashine maalumu na wataalamu waliofunzwa kukisoma, jambo linalofanya kisipatikane katika vituo vingi vya afya.

Kipimo peke yake hakitoshi

Pamoja na umuhimu wake, EMG haiwezi kuthibitisha sindromu ya baada ya polio bila msaada wa taarifa nyingine. Alama za seli zilizokufa zamani huonekana hata kwa mtu aliyeugua polio ambaye hana tatizo lolote jipya.

Mwaka 2000, wataalamu waliokutana Warm Springs, nchini Marekani, katika mkutano ulioitishwa na taasisi ya March of Dimes, walikubaliana juu ya masharti ya kuitambua hali hiyo. Kwanza, lazima iwepo historia ya polio ya kupooza inayothibitishwa kwa maelezo, uchunguzi wa mwili na EMG. Pili, mgonjwa awe alipata nafuu na kukaa katika hali tulivu, kwa kawaida kwa miaka 15 au zaidi. Tatu, udhaifu mpya uwe umedumu kwa angalau mwaka mmoja. Nne, magonjwa mengine yanayoweza kuleta dalili hizo yawe yameondolewa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwa mgonjwa wa sauti. Sauti hukauka kwa sababu nyingi: saratani ya koo, uvimbe wa tezi la shingo, upasuaji wa tezi hilo, kifua kikuu, uvimbe kifuani unaoubana mshipa wa kushoto, au virusi vingine vinavyoshambulia mshipa wa vagasi, kikiwemo kirusi cha mkanda wa jeshi. Kumwambia mgonjwa kwamba "ni polio yako ya zamani" bila kumchunguza kunaweza kumchelewesha kutibiwa saratani.

Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani uliotolewa mwaka 2018 unashauri kwamba sauti iliyokauka kwa wiki nne bila kupata nafuu ichunguzwe kwa kukiangalia kikoromeo chenyewe. Ushauri huo unamhusu kila mtu, awe aliugua polio au la.

Tiba na tahadhari

Hakuna dawa inayofufua seli za fahamu zilizokufa. Tiba iliyopo inalenga kuitunza akiba iliyobaki, na hapo ndipo mazoezi makali yanapokuwa na hatari, kwa kuwa huzichosha zaidi seli zilizokwisha kulemewa.

Wataalamu wa tiba ya usemi humfundisha mgonjwa kuigawa sauti yake katika siku: kuzungumza kwa vipindi vifupi, kupumzika kabla ya kuchoka, kutumia pumzi vizuri na kuacha kupaza sauti. Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, mhubiri au mfanyabiashara wa sokoni, kipaza sauti kidogo huweza kuwa na manufaa kuliko zoezi lolote. Mazoezi yakihitajika huwa mepesi na ya kusimamiwa.

Pale ambapo nyuzi za sauti hazikutani, daktari anaweza kuudunga uzi dhaifu kitu cha kuunenepesha, au kuusogeza katikati kwa upasuaji mdogo, ili sauti ipate nguvu na mapafu yalindwe. Uamuzi huo hutegemea kwa kiasi fulani kile ambacho kamera na EMG zimeonyesha.

Kuhusu kula, mgonjwa hushauriwa kuketi wima, kula tonge dogo dogo, kutozungumza chakula kikiwa mdomoni, na kula mlo mkubwa wakati ambapo mwili haujachoka. Mara nyingi vitu vyepesi kama maji na chai ndivyo humpalia kuliko uji mzito.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri: kutoa mlio kama filimbi wakati wa kuvuta pumzi, kupaliwa mara kwa mara, homa ya mapafu inayojirudia na kupungua uzito. Mlio wa kuvuta pumzi huweza kumaanisha kwamba nyuzi zote mbili zimeshindwa kuachana, hali inayotishia maisha.

Aidha, mtu aliyeugua polio anapotakiwa kufanyiwa upasuaji wa aina yoyote anapaswa kumweleza mapema daktari wa nusukaputi. Misuli dhaifu ya koo na kifua huweza kuchelewa kurudia kazi yake baada ya dawa za usingizi.

Kizazi kinachohusika

Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975 na Kenya mwaka 1980. Waliougua kabla ya chanjo kusambaa sasa ni watu wazima wa miaka 45 na kuendelea, umri ambao udhaifu huo hutarajiwa kujitokeza. Wengi wao waliugua wakiwa wadogo mno kukumbuka kama walipata shida ya kumeza au kupumua, hivyo maelezo ya wazazi na ndugu wakubwa huwa na thamani kwa daktari.

Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na Agosti 2020 kanda ya Afrika ya WHO ilithibitishwa kuwa huru dhidi ya virusi hivyo. Duniani, idadi ya wagonjwa imeshuka kutoka makadirio ya 350,000 kwa mwaka mnamo 1988, vita ya kuutokomeza ugonjwa huo ilipotangazwa.

Lakini virusi vya asili bado havijatokomezwa nchini Pakistan na Afghanistan, na mwaka 2022 Malawi, jirani wa Tanzania, ilitangaza mtoto aliyepooza kutokana na virusi vilivyohusishwa na Pakistan. Kila mtoto anayepooza leo anaweza kuwa mgonjwa wa sindromu hiyo baada ya mwaka 2050.

Kwa walionusurika zamani, hatua ya kwanza haihitaji mashine. Mtu aliyeugua polio ambaye sauti yake imebadilika, au anayepaliwa mara kwa mara, amweleze daktari mambo mawili kwa pamoja: dalili za sasa na polio ya utotoni. Daktari asiyeambiwa la pili anaweza kumtibu mafua kwa miezi mingi.